Kampeni ya Hewa Ukaa Inayoanzia Jikoni: Mwongozo Kamili kwa Wanachuo wa Tanga

Kila muhula ukianza huzaliwa grupu jipya la mazingira. Jina zuri, picha ya dunia ya kijani, wajumbe mia mbili kwa siku moja. Wiki ya pili mtu anatupia tangazo la viatu vya mtumba. Wiki ya tano admini mwenyewe keshajitoa. Tanga tunaitwa mji wa waja leo waondoka leo, na kampeni zetu za mtandaoni nyingi zimekuwa hivyo hivyo.

Wanaoziendesha huniuliza swali lile lile: tunaposti kila siku, mbona habadiliki mtu? Nikiomba kuona walichoposti, nakuta dubu wa barafuni, nakuta "zima taa uokoe dunia", nakuta grafu ya Kiingereza iliyonakiliwa mahali. Jiko silioni. Geto, kile chumba cha kupanga cha mwanachuo, silioni. Simwoni mtu wa Donge wala wa Makorora akifanya jambo ambalo jirani yake anaweza kulifanya kesho jioni.

Mwongozo huu ni wa kazi moja: kutumia simu mlizonazo ili wanachuo wenzenu wapunguze hewa ukaa, ile gesi ya moto na moshi inayoipasha dunia joto, kwa kiasi kinachohesabika, ndani ya muhula mmoja. Wiki nane za kazi zinatosha, ukitanguliza wiki moja ya kupima.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kugusa simu

- Watu watano, ukiwemo wewe. Chini ya hapo mtachoka. Zaidi ya hapo mtakuwa na vikao kuliko kazi.
- Simu mbili zenye kamera inayoonekana vizuri. Si lazima ziwe za bei. Ya pili ni ya akiba, siku ya kwanza ikiishiwa chaji.
- Mizani. Muazime mwenye duka la nafaka kwa nusu saa. Mizani ya jikoni nayo inafaa.
- Sado moja tupu, kile kindoo cha kupimia mkaa, na peni ya wino usiofutika. Sababu utaiona kwenye hatua ya pili.
- Daftari la karatasi. Simu huibiwa, grupu hufutwa.
- Bando la wiki, mkichangiana. Video mbili kwa wiki hazihitaji bando kubwa, ila hazipandi kwa bando la kuomba.
- Ruhusa. Mwambie mshauri wa wanafunzi au serikali ya wanafunzi mnachokusudia. Barua fupi ya ukurasa mmoja inatosha, na itawaokoa siku mtu atakapouliza ninyi ni nani.

Sikuweka nembo wala fulana. Nimeona klabu ikimaliza wiki sita inachagua rangi ya nembo, na muhula ukaisha kabla jiko hata moja halijaguswa.

## Hatua ya 1: Chagua tendo moja, na lichague kwa hesabu

Hapa ndipo kampeni nyingi hufia, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Ukiwaambia watu wapande miti, wazime taa, waache plastiki, watembee kwa miguu na wasile nyama, hawatafanya hata moja. Chagua tendo moja. Na usilichague kwa kuwa linapendeza kwenye picha, chagua lile ambalo hewa ukaa yake ni kubwa katika maisha ya mwanachuo wa hapa.

Tufanye hesabu pamoja.

Taa. Balbu ya LED ya wati 9 ikiwaka saa 5 kila usiku inatumia uniti 1.35 kwa mwezi mzima. Tena umeme wa gridi yetu sehemu kubwa unatoka kwenye maji, hasa baada ya bwawa la Julius Nyerere lenye uwezo wa megawati 2,115. Kuzima taa ni adabu njema na kunaokoa hela ya LUKU, lakini hewa ukaa inayookolewa ni kidogo mno kubeba kampeni.

Bodaboda. Lita moja ya petroli ikiungua hutoa kilo 2.3 za hewa ukaa. Pikipiki ya kawaida huenda karibu kilomita 40 kwa lita. Mwanachuo anayekwenda na kurudi kilomita 8 kwa siku, siku tano za wiki, anatoa kilo 2.3 kwa wiki.

Mkaa. Kilo moja ya mkaa ikiungua hutoa karibu kilo 3 za hewa ukaa, kwa sababu sehemu kubwa ya mkaa wenyewe ni kaboni. Tuseme geto la watu wawili linamaliza sado nne kwa wiki, na sado ina kilo 1.2. Hiyo ni kilo 4.8 za mkaa, yaani kilo 14.4 za hewa ukaa. Kila mmoja kilo 7.2. Mara tatu ya yule wa bodaboda.

Na hapo hatujagusa tanuri. Tanuri la udongo la kienyeji linakula kilo 5 hadi 10 za kuni kutoa kilo moja ya mkaa, na kinachopotea hupaa kama moshi na gesi, ikiwemo methani, gesi nyingine inayoipasha dunia joto. Ni kweli mti ukiota tena huirudisha hewa ile. Lakini gunia linaloshushwa Ngamiani halikuota Ngamiani, na pale lilipotoka, Handeni au Kilindi, shoka linakwenda mbio kuliko chipukizi.

Kwa hiyo ni jiko. Tendo ninalopendekeza ni kula chungu kimoja: vyumba viwili au vitatu vya nyumba moja ya kupanga viache kuwasha majiko matatu kila jioni, viwashe moja, kwa zamu, siku tano za wiki. Kupasha jiko hadi mkaa ukolee kunagharimu mkaa ule ule, uwe unapikia watu wawili au sita. Na makaa yanayobaki baada ya ugali kuiva huungua bure hadi yageuke jivu, katika kila chumba, kila usiku. Zamu inafuta hasara hiyo mara mbili kwa mpigo, wala haimtaki mtu anunue chochote.

Onyo: msianze na gesi. Najua inavutia, na nchi inaelekea huko. Mkakati wa Taifa wa Nishati Safi ya Kupikia wa 2024 hadi 2034 unalenga asilimia 80 ya Watanzania wapikie nishati safi ifikapo 2034. Lakini mwanachuo ambaye bumu, yaani hela yake ya mkopo, halijaingia hana hela ya mtungi, na tendo la kwanza likishindikana hatawasikiliza kwenye la pili. Gesi iwekeni wiki ya sita, pale vyumba vilivyozoea zamu vitakapokuwa na akiba ya kuchangia mtungi mmoja.

Kama wengi wenu mnaishi hosteli na hampiki, acheni jiko, chukueni baiskeli. Mji wetu ni tambarare na umezoea baiskeli kuliko miji mingi nchini; hakuna atakayekushangaa. Hatua zinazofuata ni zile zile, ila badala ya sado mtahesabu safari.

Umefaulu hatua hii ukiweza kumwambia shangazi yako tendo lenyewe kwa sentensi moja, naye akaelewa bila kuuliza "kwa hiyo mnafanyaje?"

## Hatua ya 2: Pimeni kabla ya kuposti chochote

Wiki hii ya kimya ndiyo inayorukwa na karibu kila mtu. Bila namba ya mwanzo hamtakuwa na cha kutangaza mwishoni isipokuwa laiki.

Nunueni mkaa sado moja kwa wauzaji watatu tofauti wa mtaa wenu. Pimeni kila moja kwenye mizani bila chombo, tafuteni wastani, kisha andikeni uzito huo ubavuni mwa sado kwa peni ya wino. Msinakili kilo 1.2 yangu ile. Sado hujazwa tofauti mtaa kwa mtaa, na mkaa wa vipande vidogo hauna uzito sawa na wa magogo.

Kisha piteni geto thelathini. Ulizeni maswali mawili tu: wiki iliyopita mlinunua mkaa sado ngapi? Na mko wangapi mnaokula hapo? Msiulize "je, unajali mazingira?" Kila mtu atajibu ndiyo, na jibu hilo halina kazi.

Ulizeni pia geto kumi ambazo hamtaziingiza kwenye kampeni. Masika ikianza bei ya mkaa hupanda na watu hupunguza wenyewe. Bila zile kumi za kulinganisha mtajisifia kazi ya mvua.

Onyo: andikeni namba za geto, si majina wala namba za simu. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Ukiacha sheria, mwanachuo hapendi jirani ajue kuwa wiki iliyopita hakununua mkaa kabisa kwa kuwa alikuwa hana kitu.

Umefaulu ukiwa na mstari mmoja daftarini wa namna hii: *geto 30, wiki moja, sado 120*.

## Hatua ya 3: Tafuteni wanaosikilizwa, si wanaofuatwa

Kwenye kila darasa yuko mtu mwenye wafuasi elfu kumi, na yuko mtu ambaye akisema "leo tunakula mihogo", watu sita wanakula mihogo. Mtakeni wa pili.

Mtamjua hivi: ndiye anayekusanya michango ya msiba, ndiye anayeitwa geto la pili likikosa chumvi. Mara nyingi hana hata picha ya wasifu. Wakipatikana watu kama hao watano kwenye mitaa mitano, mnayo kampeni tayari, hata kabla ya video ya kwanza.

Waombeni waanze zamu wiki moja kabla ya tangazo. Kampeni isiyokuwa na mfano ulio hai siku ya kwanza inabaki hotuba.

## Hatua ya 4: Kila mtandao upeni kazi yake

WhatsApp ni mahali pa kutenda. TikTok na Instagram ni mahali pa kuonwa. Wengi wanageuza: wanaweka nguvu zote kwenye ukurasa wa Instagram unaofuatwa na watu wa Mwanza, huku nyumba ya nyuma yao inawasha majiko manne.

Stetasi ya WhatsApp ndiyo silaha yenu kubwa. Inaonwa na watu waliohifadhi namba yako nawe ukahifadhi yao, maana yake watu mnaojuana kweli. Hufutika baada ya saa 24, kwa hiyo hairundikani. Watu watano wakiweka stetasi ile ile saa moja jioni, jirani ataiona mara tatu kwa wenye sura anazozifahamu.

Grupu la zamu liwe dogo, la nyumba au la mtaa, watu wasiozidi ishirini. WhatsApp inaruhusu watu 1,024 kwenye grupu moja, nawaomba msishawishike. Kwenye grupu la watu elfu hakuna anayeona aibu kukaa kimya.

Grupu la darasa litumieni mara moja kwa wiki tu, kwa ruhusa ya mwakilishi wa darasa. Grupu lile ni la ratiba na matokeo. Mkilijaza mazingira, mtachukiwa ninyi na mazingira yenyewe.

TikTok na Instagram video mbili kwa wiki zinatosha.

## Hatua ya 5: Andikeni ujumbe unaosogeza mtu

Kosa la kawaida kabisa, na linafanywa kwa nia njema, ni kuposti ukubwa wa tatizo: "Wanachuo wengi bado wanatumia mkaa kwa fujo!" Anayesoma anachosikia ni kwamba wenzake wote wanafanya hivyo, kumbe yeye ni wa kawaida tu.

Jambo hili limepimwa. Katika hifadhi ya Petrified Forest huko Arizona, Marekani, wageni walikuwa wakiiba vipande vya miti iliyogeuka mawe. Robert Cialdini na wenzake waliweka vibao vya aina mbili njiani. Kibao kilicholalamika kuwa wageni wengi wamekuwa wakichukua vipande kilifuatiwa na wizi wa karibu asilimia 8 ya vipande walivyovitega. Kibao kilichoomba tu mtu asichukue kilifuatiwa na wizi usiofika asilimia 2. Malalamiko yalikuwa yanafundisha wizi.

Sasa mtafanyaje ikiwa kweli wengi bado wanawasha kila mtu jiko lake? Msidanganye. Semeni wameanza. Gregg Sparkman na Gregory Walton walijaribu hili katika mgahawa wa Chuo Kikuu cha Stanford, wakachapisha matokeo mwaka 2017. Waliosoma kwamba asilimia 30 ya Wamarekani hujitahidi kupunguza nyama, ni asilimia 17 tu walioagiza chakula kisicho na nyama. Waliosoma kwamba asilimia 30 wameanza kupunguza katika miaka ya karibuni, walioagiza walifika 34. Namba ni ile ile. Neno "wameanza" ndilo lililofanya kazi, kwa sababu linaonyesha upepo unavuma kuelekea wapi.

Kwa hiyo badala ya:

*"Asilimia kubwa ya wanachuo wanaharibu misitu. Badilika leo!"*

andikeni:

*"Wiki hii nyumba nne za Barabara ya 12 zimeanza kula chungu kimoja. Jana maharage ya watu saba yameiva kwa sado moja. Leo zamu ya chumba cha kona, na wanasema ni wali wa nazi."*

Tazameni kilichomo: mahali, idadi ya walioanza, kipimo, na chakula. Chakula msikiache kamwe. Mtu wa Tanga ataupita ujumbe wa tabianchi, lakini wali wa nazi atauliza unapikwa nyumba gani.

Hesabu ya fedha itangulizeni, hewa ukaa ifuate. Si kwamba hewa ukaa ni jambo dogo, ndilo lililotukusanya. Ila mwanachuo anaishi na hela ya wiki, na fedha ndiyo mlango wake. Akishaingia mwelezeni yote, ataelewa vizuri kuliko mnavyodhani.

Kila ujumbe uishie kwenye kitendo kimoja: *"Nyumba yenu ina vyumba vingapi vinavyopika? Nijibu kwa namba tu."* Mtu akishatuma namba, amekwisha kuanza mazungumzo.

Onyo: msitie chumvi. Msiseme "tumeokoa msitu wa Amani". Mtu mmoja akiwanasa kwenye uongo mdogo, namba zenu zote za kweli zinakufa nao. Tena kusambaza taarifa za uongo mtandaoni ni kosa chini ya Sheria ya Makosa ya Mtandao ya 2015.

Umefaulu ukiona watu wanajibu kwa maswali ya utendaji: nani anaosha sufuria? Mtu akisafiri zamu yake inakwenda kwa nani? Emoji za makofi zisiwafurahishe sana.

## Hatua ya 6: Pigeni video fupi, jikoni

Sekunde 20 hadi 30. Simu wima. Anzeni na chungu kinachochemka au mkono unaopima mkaa, msianze na "hamjambo, kwa majina naitwa". Mtazamaji ameshapita kabla jina halijaisha.

Mwanga mzuri ni wa saa kumi na moja jioni, uani. Andikeni maneno machache makubwa juu ya video, kwa sababu wengi hutazama darasani bila sauti.

Mfululizo huu haujaniangusha: sado kabla ya kupika, chungu, sado baada ya kupika, watu wanakula, maneno "watu 7, sado 1". Basi.

Fanyeni pia video za mbinu ndogo zinazopunguza mkaa, moja kila wiki:

- Maharage yaloweke usiku kucha, maji ya kulowekea yamwagwe.
- Funika chungu. Inaonekana ndogo, lakini chungu wazi kinapoteza joto muda wote.
- Chakula kikiiva, ondoa makaa yaliyobaki uyazimishe ndani ya kopo la bati lenye mfuniko. Kesho yanawaka tena.
- Kikapu cha kuhifadhi joto: kikapu kilichojazwa nguo kuukuu na blanketi, chungu kinachochemka kinazamishwa humo na kufunikwa, chakula kinamalizia kuiva bila moto. Kwa maharage, lazima kwanza yalowekwe, kisha yachemke kwa nguvu nusu saa. Maharage mabichi yana sumu ambayo joto la kikapu peke yake haliiondoi.

Onyo kubwa, na naomba mlirudie kwenye kila video: jiko la mkaa halikai ndani ya chumba kilichofungwa, hasa usiku wa mvua. Mkaa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu, inayoua mtu usingizini. Msiposti kamwe picha ya jiko likiwa ndani ya geto, hata kama limependeza. Na hosteli inayokataza kupika au kuweka mtungi, msiwashawishi watu wavunje kanuni.

Ombeni ruhusa kabla ya kumpiga mtu picha, kila mara. Uani watu wako na khanga, nguo ziko kambani, mama mwenye nyumba anapita. Dada aliyekubali kupigwa picha ya mikono akikatakata vitunguu hajakubali kupigwa picha ya uso. Mwonyesheni video kabla haijapanda, na akisema futa, futeni mbele yake.

## Hatua ya 7: Jumapili saa mbili usiku ni hesabu

Chagueni saa moja ya wiki isiyobadilika. Jumapili saa mbili usiku watu wengi wamo ndani, wanajiandaa na wiki.

Wekeni kura kwenye kila grupu la zamu: *Wiki hii nyumba yenu imetumia sado ngapi?* WhatsApp ina kura ndani yake, hadi chaguo 12, na kubonyeza namba ni rahisi kuliko kuandika maelezo. Asiyejibu afuatwe kwa ujumbe wa faragha, kwa upole, siku ya pili. Usimtaje mtu mbele ya grupu. Aibu ya hadharani humtoa mtu kwenye grupu, haimtoi kwenye mkaa.

Jumatatu asubuhi tangazeni jumla. Nyumba iliyopunguza isifiwe kwa mtaa wake. Na nyumba ambayo tangu mwanzo ilitumia kidogo msiisahau: ikisoma kwamba wastani wa wengine uko juu yake, inaweza kulegea na kuongeza. Iandikieni tu neno la pongezi, hilo linatosha kuishikilia.

Umefaulu ukiona Jumapili ya tatu mtu anauliza "leo hakuna kura?" kabla hujaiweka.

## Hatua ya 8: Jibuni hoja, msizifute

Hoja ya kwanza itakuja siku ya kwanza: wachafuzi ni nchi tajiri, sisi tunahusikaje? Jibuni kwa heshima, kwa sababu anayeuliza ana haki. Hewa ukaa inayotokana na mafuta, gesi na makaa ya mawe nchini kwetu haifiki nusu tani kwa mtu kwa mwaka, wakati wastani wa dunia unazidi tani 4. Mwambieni hivyo hivyo. Kisha mwambieni kwamba moshi wa geto uko kwenye mapafu yake, hela ya sado iko kwenye mfuko wake, na msitu unaokatwa ni wa mkoa wake. Hatumbebeshi mzigo wa mtu mwingine.

Hoja ya pili ni ya muuza mkaa: mnamnyima mama riziki. Hii ni nzito na sina jibu jepesi. Nashauri msimtukane wala kumwonyesha muuzaji kwenye video yoyote, na msiseme "acheni mkaa" bali "punguzeni". Kama kuna mama mtaani aliyeanza kuuza majiko banifu au kujaza mitungi, mtajeni kwa ruhusa yake.

Matusi yafichwe kimya kimya. Msijibizane baada ya saa nne usiku. Sijawahi kuona mjadala wa saa hiyo ukiishia pazuri.

## Hatua ya 9: Pangeni kwa kalenda ya chuo, si ya dunia

Siku ya Mazingira Duniani ni tarehe 5 Juni. Ni siku nzuri, lakini jiko la geto haliijui. Linajua haya:

Bumu likiingia, zamu huvunjika. Watu wananunua chipsi mayai na kila mtu anataka kula kivyake. Msipambane. Punguzeni zamu ziwe siku tatu, na kama mmeshafika wiki ya sita, ndiyo ya kuleta hoja ya mtungi wa kuchangia. Hesabu ya kuwapa: kilo moja ya gesi inafanya kazi ya karibu kilo 4 za mkaa kwenye jiko la kawaida, kwa sababu jiko hilo hupoteza joto jingi pembeni. Mtungi wa kilo 6 ni sawa na kilo 24 hivi za mkaa. Gesi hiyo itatoa kilo 18 za hewa ukaa, mkaa ungetoa 72. Nyumba yenye umeme na ruhusa ya mwenye nyumba ifikirie jiko la umeme la presha. Maharage nusu kilo hayamalizi uniti moja.

Ramadhani ndiyo wiki zenu bora, msizipoteze. Futari kwa asili yake ni ya kukaa pamoja: mihogo, uji, tambi, samaki. Nyumba ambazo hazikukubali zamu mwaka mzima zitakubali futari ya pamoja, na wasiofunga hukaribishwa mkekani. Wekeni kipimo cha sado hapo hapo.

Mitihani ikikaribia, acheni video. Bakizeni kura ya Jumapili tu. Watu wakisoma hula pamoja wenyewe, hawana muda wa kuwasha jiko.

## Hatua ya 10: Hesabu ya mwisho na makabidhiano

Tuseme mlianza na sado 120 kwa wiki kwenye geto thelathini, na sasa mko kwenye 75. Mmepunguza sado 45 kwa wiki. Mkiwa mmeshikilia kiwango hicho wiki zote nane, ni sado 360. Zidisheni kwa uzito wa sado yenu. Kwa kilo 1.2 inakuwa kilo 432 za mkaa, karibu tani 1.3 za hewa ukaa jikoni, na tani 2 hadi 4 za kuni ambazo hazikuingia tanurini. Zidisheni sado hizo kwa bei ya mtaani mpate fedha. Kisha angalieni zile geto kumi za pembeni: kama nazo zilipungua, toeni kiasi hicho kwanza. Kitakachobaki ndicho chenu, kitangazeni bila woga, hata kikiwa kidogo kuliko mlivyotarajia.

Makabidhiano fanyeni wiki ya saba, si siku ya mwisho ambapo kila mtu yuko stendi ya Kange na begi. Chagueni wawili wa mwaka wa kwanza wanaokula zamu tayari, wapeni uadmini wakiwa bado nanyi, waacheni waendeshe Jumapili ya mwisho peke yao mkiwa kimya. Wapeni nywila za kurasa, daftari lenye namba za wiki zote, na ile sado iliyoandikwa uzito ubavuni.